Kutunza Milango ya Fahamu: Mwongozo wa Kulinda Ubongo kwa Mwanga, Sauti na Mazoea ya Kila Siku

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, sawa na asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Umefungiwa ndani ya fuvu, mahali ambapo mwanga haufiki wala sauti haiingii moja kwa moja, na yote unayoyajua kuhusu dunia umeletewa na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, viungo ambavyo lugha yetu imeviita milango ya fahamu. Kinachopita katika milango hiyo hakiishii kuwa habari tu, bali huijenga nyumba yenyewe: njia za neva zinazopitiwa mara kwa mara huimarika, na zisizopitiwa hudhoofika.

Mwaka 1964 Marian Diamond na wenzake huko California walionyesha kwamba panya waliolelewa pamoja na wenzao, wakiwa na vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara, walikuwa na gamba la ubongo nene kuliko panya waliokaa peke yao katika vizimba vitupu. Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu bila kuiangusha, na baada ya miezi 3 picha za ubongo zilionyesha ongezeko katika sehemu zinazofuatilia mwendo wa vitu. Watu hao walipoacha mazoezi kwa miezi 3 mingine, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipungua. Nusu hiyo ya pili ya matokeo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu kwa mfumo wa hatua za kila siku, kwa sababu ubongo huitikia kile kinachoendelea kuufikia, si kile ulichowahi kufanyiwa wiki moja ya bidii kisha kikaachwa.

Usizianze hatua hizi zote kwa siku moja. Ipe kila hatua wiki moja au mbili, uhakikishe imeshika, ndipo uongeze nyingine.

Hatua ya 1: Andika kinachoingia kwa siku 7

Chukua daftari dogo na kwa wiki nzima uandike mambo matano kila jioni: saa uliyotoka nje na kuuona mwanga wa mchana kwa mara ya kwanza, muda uliokaa penye kelele au ukiwa na vipokea sauti masikioni, saa uliyoweka simu kando kabla ya kulala, muda mrefu zaidi ulioketi bila kuinuka, na muda uliozungumza na mtu ana kwa ana. Usibadilishe chochote katika wiki hiyo.

Zoezi hili linaweza kuonekana dogo mno, lakini bila hilo hatua zinazofuata hukosa pa kusimama. Tendo lililorudiwa mara nyingi huhamia katika viini vya ndani vya ubongo vinavyoendesha mambo bila kutuomba ruhusa, ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba hatumii simu kitandani ilhali huitumia kila usiku. Kalamu huyarudisha mazoea mbele ya macho.

Hatua ya 2: Panga mwanga wako, na usingizi utafuata

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, pamoja na seli tunazotumia kuona, ziko seli nyingine chache zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa si kutambua maumbo bali kuueleza ubongo kama ni mchana au usiku. Seli hizo hupeleka taarifa kwenye kifungu kidogo cha nyuroni (seli za neva) takriban 20,000 kilicho chini kabisa ya ubongo, ambacho ndicho saa kuu ya mwili, na kutoka hapo hupangwa nyakati za kutolewa kwa homoni ya melatonini, kupanda na kushuka kwa joto la mwili, na hamu ya kulala. Seli hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu, na huhitaji mwanga mwingi unaodumu kwa muda.

Hapa ndipo wengi hujidanganya bila kujua. Chumba tunachokiona kina mwanga wa kutosha kwa kawaida huwa na kati ya lux (kipimo cha mwanga) 100 na 500, wakati nje, hata siku ya mawingu, mwanga huweza kuwa maelfu ya lux. Jicho hujirekebisha haraka kiasi kwamba hatuihisi tofauti hiyo, lakini saa ya mwili huihisi. Kwa hiyo, ndani ya saa moja baada ya kuamka, toka nje kwa dakika 20 hadi 30, ukitembea au ukikaa tu, bila kulitazama jua moja kwa moja. Ikiwa unaamka kabla ya mapambazuko, washa taa za kutosha, kisha utoke mara kunapopambazuka. Amka saa ileile kila siku, zikiwemo siku za mapumziko. Kati ya mambo yote ya usingizi, hili ndilo ninaloliona kuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa saa ya kuamka tunaweza kuiamua, ilhali usingizi wenyewe hauji kwa amri.

Jioni fanya kinyume chake. Saa mbili kabla ya kulala punguza taa, tumia zilizo chini na zenye rangi ya manjano badala ya zile kali za darini, na uhakikishe chumba cha kulala kina giza la kweli. Kuhusu simu, watu wameonywa sana juu ya mwanga wake, lakini kwa maoni yangu madhara makubwa zaidi hutoka kwenye kile kinachosomwa: mabishano, habari za kutisha na video zisizo na mwisho huufanya ubongo ukeshe hata kama kioo kimepunguzwa mwanga. Iache simu chumba kingine na utumie saa ya kawaida kukuamsha. Kumbuka pia kwamba kwa watu wengi nusu ya kafeini ya kikombe cha kahawa huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe cha mapema mchana.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Wakati huo hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu mpya, hurudia yaliyotokea mchana na kusaidia yahifadhiwe kwa muda mrefu. Anayekoroma kwa nguvu, anayekatika pumzi usingizini au anayeamka amechoka kila siku amwone daktari, kwa sababu tatizo hilo halitibiwi kwa mwanga wala kwa nidhamu.

Hatua ya 3: Linda na upime masikio yako

Hatua hii nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili, lililoundwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo vyote vingeshughulikiwa. Kupungua kwa usikivu kulikuwa miongoni mwa viwili vyenye uzito mkubwa kuliko vingine, pamoja na kolesteroli mbaya, kila kimoja kikikadiriwa kuchangia asilimia 7.

Sababu zake zinaeleweka. Sauti inapofika ikiwa hafifu au imevurugika, ubongo hulazimika kutumia nguvu nyingi kubahatisha maneno, na nguvu hizo zinakosekana kwenye kazi ya kuelewa na kukumbuka. Zaidi ya hayo, mtu asiyesikia vizuri huanza kujitenga polepole. Hucheka wengine wanapocheka bila kujua kilichosemwa, kisha huacha kuhudhuria mikusanyiko, na mwishowe ubongo wake hunyimwa mazungumzo ambayo ndiyo chakula chake. Anaumia kimya, na watu wa nyumbani hudhani amekuwa mkimya kwa hiari yake.

Ndani ya kila sikio, katika kiungo chenye umbo la konokono kiitwacho koklea, ziko seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 zinazogeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara za neva. Ndege wanaweza kuziotesha upya, binadamu hawezi. Kwa hiyo kinga ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5 tu. Unaweza kupakua programu ya simu ya kupimia kelele, na ingawa haina usahihi wa kifaa cha kitaalamu, itakuonyesha mahali pa hatari. Usipokuwa na programu, tumia kipimo cha mkono: ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, hapo pana kelele za kukudhuru. Weka sauti ya vipokea sauti chini ya asilimia 60 ya kiwango cha juu, na uvae vizibo vya masikio unapotumia mashine au unapokuwa karibu na vipaza sauti vikubwa. Usichokonoe sikio kwa kijiti cha pamba, kwa sababu huisukuma nta ndani zaidi. Nta ikiziba, mhudumu wa afya ataitoa.

Kisha pima. Dalili zinazostahili kipimo ni kuwaomba watu warudie maneno, kuongeza sauti ya televisheni hadi wengine walalamike, kushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, kutosikia vyema sauti za watoto, na mlio masikioni usiokoma. Anayevutiwa na ushahidi wa tiba ajue kwamba mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio lililowafuatilia kwa miaka mitatu watu 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84 nchini Marekani, wote wakiwa na usikivu uliopungua. Kwa kundi zima, kupewa vifaa vya kusaidia kusikia hakukuleta tofauti katika kasi ya kudhoofika kwa uwezo wa akili, lakini kwa wale waliokuwa na vihatarishi vingi zaidi, kasi hiyo ilipungua kwa asilimia 48. Nimeyataja matokeo yote mawili kwa sababu msomaji anastahili kujua kwamba kifaa si dawa ya miujiza, na pia kwamba wapo ambao huenda kikawafaa sana.

Ukipewa kifaa hicho, kivae kila siku kwa mpango. Siku za mwanzo kivae nyumbani penye utulivu, ukisikiliza sauti ya maji, hatua za watu na kurasa zinapofunuliwa. Wiki inayofuata zungumza na mtu mmoja. Kisha watu wawili au watatu. Mwisho kabisa uende penye umati. Sauti zitakukera mwanzoni kwa sababu ubongo umesahau kuzichuja, na huchukua wiki kadhaa kujifunza tena. Wengi hukitia kabatini siku ya tatu, na inasikitisha kwa sababu waliacha karibu kabisa na pale ambapo nafuu ingeanza. Nanyi mnaoishi na mtu wa namna hii, mtazameni usoni mnapozungumza, semeni kwa uwazi bila kupiga kelele, na msizungumze watu wawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: Macho

Jopo hilohilo la mwaka 2024 liliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa kwenye orodha yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 nchini Marekani ukihusisha wazee zaidi ya 3,000 uliona kwamba waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipatwa na dimenshia kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 30 kuliko wasiofanyiwa. Huo ni uhusiano na si uthibitisho wa sababu, lakini upasuaji wenyewe una faida ya wazi hata bila hoja hiyo. Pima macho, na mwenye kisukari apime kila mwaka. Unapofanya kazi ya karibu kwa muda mrefu, kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20.

Hatua ya 5: Pua, mikono na mizani ya mwili

Harufu ina njia ya pekee. Fahamu nyingine hupita kwanza kwenye talamasi, kituo cha kugawa ishara katikati ya ubongo, lakini harufu huingia karibu moja kwa moja katika sehemu za hisia na kumbukumbu, ndiyo maana harufu moja inaweza kumrudisha mtu utotoni kwa ghafla kabla hajaitambua ni ya nini. Nyuroni za kunusa, tofauti na nyingi nyingine, huzaliwa upya maisha yote. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake mjini Dresden walionyesha kwamba waliopoteza uwezo wa kunusa waliweza kuurudisha kwa kiasi kwa kunusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Nusa kila moja kwa sekunde 10 hivi, ukijaribu kuikumbuka na si kuvuta hewa tu. Uwezo wa kunusa ukipotea bila mafua wala sababu inayojulikana, mwone daktari, kwa kuwa huenda ikawa dalili inayoutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka.

Mikono nayo iwe na kazi. Uchunguzi wa mwaka 1995 kwa wapiga ala za nyuzi ulionyesha kwamba eneo la ubongo linalopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyobonyeza nyuzi, lilikuwa kubwa kuliko kwa watu wasiopiga ala hizo. Kushona, kusuka, kuchonga au kuandika kwa kalamu vyote hudai ustadi wa vidole. Chagua kimoja kinachokushinda kidogo. Kwa mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta unaoweza kuushika, sekunde 10 kila upande.

Hatua ya 6: Tembea huku milango ikiwa wazi

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wazee 120 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mmoja. Waliotembea kwa kasi dakika 40, mara tatu kwa wiki, hipokampasi zao ziliongezeka ukubwa kwa asilimia 2 hivi; waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, zilipungua kwa takriban asilimia 1.4. Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na zinaweza kugawanywa upendavyo.

Ninachokiongeza mimi ni kwamba matembezi yasifanywe huku masikio yamezibwa na macho yamekodolea simu. Badilisha njia, tafuta mwelekeo kwa alama za mahali badala ya sauti ya ramani, kwa kuwa hipokampasi hiyohiyo ndiyo inayochora ramani za kichwani. Madereva wa teksi wa London, wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa ili kupata leseni, walionekana katika utafiti wa mwaka 2000 kuwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi kubwa kuliko ya watu wengine. Pima pia shinikizo la damu, maana mishipa inayoulisha ubongo huharibika kimyakimya.

Hatua ya 7: Upe ubongo jambo moja kwa wakati

Kazi mbili zinazohitaji umakini hazifanyiki pamoja. Ubongo huruka kutoka moja kwenda nyingine, na kila mruko una gharama ya muda na makosa. Zima arifa zote isipokuwa za watu wanaokuhitaji kweli, fanya kazi kwa vipindi vya dakika 30 hadi 50 simu ikiwa mbali, na katika mapumziko usitazame kioo kingine. Kaa kimya kidogo, kwa sababu kinachoingia bila kupewa nafasi ya kutulia husahaulika upesi.

Kila siku pata mazungumzo ya ana kwa ana yasiyopungua dakika 15. Mazungumzo humlazimisha mtu kusikia, kusoma uso, kukumbuka, kubashiri na kujibu kwa wakati mmoja, na sijui zoezi la kompyuta linalokusanya yote hayo pamoja.

Hatua ya 8: Rudi kwenye daftari baada ya wiki 12

Lifungamanishe kila zoea jipya na lile ambalo tayari lipo: mwanga baada ya kunawa uso, kunusa baada ya kupiga mswaki, kusimama kwa mguu mmoja unaposubiri maji yachemke. Usikate tamaa mapema, kwani utafiti wa mwaka 2010 uliona kwamba zoea huchukua wastani wa siku 66 kujiendesha lenyewe, wengine wakihitaji siku 18 tu na wengine zaidi ya 250, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Wiki ya 12 ikifika, andika tena yale mambo matano kwa siku 7 na uyalinganishe na ya mwanzo, kisha uanze na pale palipobaki nyuma.

Yapo mambo yasiyosubiri daftari. Uso kupinda, mkono mmoja kulegea au maneno kukorogeka kwa ghafla ni dalili za kiharusi, na mgonjwa afikishwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa jicho lililopoteza uoni ghafla, na kwa sikio lililoacha kusikia kati ya usiku na asubuhi, ambalo wengi hulidhania kuwa na nta na kusubiri wiki kadhaa, wakati dawa zake zina nafasi kubwa zaidi ya kusaidia zikianza ndani ya siku chache za mwanzo.